Aliyekula Kidari cha Mbuzi wa Kilio

Shemeji yangu Placide ana koti la sufu la kahawia, na ukitaka kumjua mtu yule huna haja ya kumsikiliza, litazame koti. Jua la Kabambare linapochoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta, yeye yumo ndani ya sufu, vifungo vyote vimefungwa, jasho linamtiririka shingoni, anakwenda polepole ili watu wapate nafasi ya kumsalimu. Ana kibanda cha chumvi, sabuni na betri karibu na ofisi za serikali za teritwari. Ana pia cheo cha mkubwa wa ukoo, alichokipata kwa kuzaliwa kabla ya wenzake, kazi ambayo mama yake aliifanya zaidi kuliko yeye.

Mimi naitwa Euphrasie, mjane wa mdogo wake, André. André alifukiwa na udongo ndani ya shimo la dhahabu kule Lusangi, na matanga hayajaisha bado Placide akaniita pembeni kuniambia kwamba desturi inamtaka anirithi. Nilimjibu kwamba kama desturi inanitaka, ije yenyewe initongoze. Nikamshika binti yangu Laura mkono, tukarudi Kasongo nilikozaliwa, nikaanza kuuza mawese sokoni. Tangu hapo mimi na Placide hatupatani, wala sioni sababu ya kulificha jambo ambalo hata wauza samaki wanalijua.

Laura sasa ni mtu mzima, fundi cherehani, mpole kupita kiasi. Upole huo hakuupata kwangu. Kabla mvua hazijaanza alikuja jikoni, akaushika mkono wangu, akauweka chini ya ziwa lake la kushoto. Nikagusa kitu kigumu, kama kokwa ya chikichi chini ya ngozi. Kitu kile nilikijua, kwa sababu nilikwisha kukigusa kwa wanawake wawili, dada zake André, na wote wawili niliwaosha kwa mikono hii siku ya kuzikwa. Niliogopa mpaka nikasahau sufuria motoni.

Hospitalini walituambia kwamba huenda si kitu na huenda ni kansa yenyewe. Ili kujua lazima kipande kikatwe, kitazamwe kwa mashine, na mashine hiyo iko Lubumbashi. Ndege, malazi, kipimo: ningeuza mawese ya soko zima nisifike hata nusu. Laura akasema, "Mama, tuache kwanza, labda kitapotea." Mashangazi zake nao walisema labda kitapotea.

Hapo ndipo alipotokea Dokta Christophe. Alisimama kanisani baada ya misa, kijana wa Kindu aliyesoma Kinshasa na Ulaya, akatuambia yeye si daktari wa kutibu, ni daktari wa hesabu za magonjwa. Anatafuta kwa nini kansa ya ziwa inazifuata koo fulani na kuziacha nyingine. Mtu, alisema, hupewa nusu na baba na nusu na mama, na ndani ya nusu hizo inaweza kujificha kasoro ndogo inayotembea kutoka kwa bibi hadi mjukuu bila kupiga hodi. Alitueleza kwa mbegu za mahindi, maana watu waliosoma wanaamini mkulima haelewi kitu kisichoota. Lakini nilielewa vizuri sana, na neno moja lilinikaa moyoni: kasoro hiyo hupita kwa baba pia. Mwanamume anaweza kuibeba maisha yake yote, asiumwe hata kidole, akampa binti yake.

Kisha akasema lile ambalo kila mwanamke pale kanisani alilishika. Familia itakayoonekana ina wagonjwa wawili au zaidi upande mmoja wa damu, wanawake wake wote watapelekwa Lubumbashi kwa ndege ya mradi, wapimwe, na wakikutwa nayo watibiwe, bila kulipa.

Kesho yake nilikuwa mlangoni pake kabla hajanawa uso. Alikaa kwenye ukumbi wa parokia, tableti mbele yake, viatu virefu vya ngozi miguuni kana kwamba mto Lualaba utapanda ngazi kumfuata. Nilimweleza yote. Nilimwambia jinsi Louise, dada wa André, alivyoletwa kwangu Lusangi baada ya mumewe kuhama chumba kwa sababu ya harufu, na jinsi nilivyokuwa nikimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, naye akiuma kitenge ili mwanawe asisikie. Nilimwambia jinsi Nadine, mdogo wake, alivyokuja mwenyewe bila kuletwa, akakaa kwenye mkeka uleule, akasema, "Mama Laura, na mimi pia." Nikamtajia na shangazi yao Albertine, ambaye sikumkuta, lakini mama mkwe wangu alimlilia mpaka siku zake za mwisho.

Dokta Christophe aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, mpaka nikamaliza.

"Mama, wewe iko wa ukoo hii?"

"Mimi bibi ya André."

"Basi kwa damu hauko mutu wao."

"Dokta, sikuleti damu yangu. Nakuletea macho yangu."

"Nakuelewa, mama. Lakini utafiti iko na masharti. Habari ya familia anatoa mutu mumoja, mukubwa wa ukoo. Tukisikiliza kila mutu, huyu anasema hivi, mwingine anasema vile, hesabu yote inaharibika." Akapitisha kidole kwenye kioo. "Na huyo mukubwa nilishamuuliza. Papa Placide, wa Kabambare."

"Alisema nini?"

Akanigeuzia tableti. Mti wa ukoo wa mume wangu ulikuwa umechorwa pale, wanaume miraba, wanawake viduara. Mgonjwa hupakwa rangi nyeusi, alinieleza. Viduara vyote vilikuwa vyeupe. Louise alikuwa mweupe, chini yake imeandikwa kwamba alilogwa na mke mwenzake. Nadine alikuwa mweupe, homa ya matumbo. Albertine, aliyekufa akinyonyesha, alikuwa mweupe kabisa, na Placide alikuwa amesema kwamba alikufa kwa uzee.

Ilinibidi nikamate ukingo wa meza nisije nikaipindua. Mimi niliyewaosha wale wanawake si shahidi, na mtu aliyekuwa akisimama mlangoni ameziba pua ndiye shahidi!

"Kusema kweli, mama," dokta akaendelea, na alionekana ana furaha, "Maniema ya kusini inanishangaza. Koo nyingi nimeandika, na kansa ya kurithi karibu haiko. Koo ya Papa Placide iko safi mpaka nimeiweka kwa zile za kulinganisha."

"Kulinganisha na nini?"

"Na zenye zinaumwa. Lazima upate watu wazima wa afya, ndipo unaona tofauti. Wiki ijayo nitaenda kuchukua damu yao."

Nilicheka. Nilicheka mpaka padri akachungulia. Ukoo uliozika wanawake watatu wa ziwa ulikuwa umechaguliwa kuwa mfano wa afya, na kijana huyu angepanda ndege na damu yao kwenda kuwaonyesha Wazungu jinsi watu wazima wa Kabambare walivyo. Amesoma kuhesabu katika nchi ngapi sijui, amehesabu hadi macho yanataka miwani, na hakuna aliyemnong'oneza kwamba mwanamume mwenye binti wa kuozesha anaweza kusema uongo.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa siri yenyewe, kama siri ni neno la haki kwa jambo linalojulikana mpaka kwa wauza chumvi. Kwetu, kabla posa haijapokelewa, watu wa mume hutuma wazee wa kike kuuliza polepole: ukoo huu una kifafa? Una ukoma? Una mkono wa uchawi? Siku hizi wameongeza kansa. Placide ana binti, Heri, na Heri alikuwa ametakwa na mtoto wa Mama Kavira, mwanamke wa kutoka upande wa Butembo anayenunua dhahabu kule Lusangi. Placide alikwisha kujiona amekaa barazani kwa Mama Kavira, amekunja nne, anapewa soda. Kwa ajili ya soda hiyo aliwatakasa dada zake waliokufa.

Wiki iliyofuata nilipanda pikipiki kwenda Kabambare, Laura nyuma yangu, mimi nyuma ya dereva, magunia ya mtu mwingine nyuma ya Laura. Sitaieleza barabara ile, sina muda wa kuitukana ipasavyo. Ukoo wote ulikuwa umekusanyika kumaliza matanga ya mzee mmoja wa kwao, na dokta naye alikuwa ametangaza kwamba atachukua damu siku hiyohiyo, wakiwa wote mahali pamoja.

Nilianza kwa heshima. Nataka ijulikane kwamba nilianza kwa heshima. Nilimkuta Placide nyuma ya kibanda chake, nikapiga magoti, mimi, mbele ya yule, nikamshika mguu.

"Shemeki, Laura iko na kivimbe. Ile ya mashangazi zake. Mwambie dokta ukweli, mutoto apande ndege."

Alitazama kulia na kushoto kwanza, kama kuna aliyesikia.

"Unataka Heri akose bwana sababu ya kivimbe ya mutoto wako?"

"Ni mutoto wa ndugu yako. Ni damu yako."

"André alikufa na shimo, hakukufa na ziwa. Hii ni mambo ya wanawake, tena ya kwenu. Kama Laura anaumwa, ameitoa kwa mama yake."

"Dokta anasema inapita na kwa baba."

"Dokta!" Akavuta koti lake vizuri kifuani kwa mkono wa kulia. "Dokta ananisikiliza mimi. Inuka, Mama Laura, watu watafikiri nimekupiga."

Nikainuka. Nilikuwa na mchanga magotini na moyo umejaa, nikamchukia kuliko siku ile ya matanga ya André. Nikaenda kukaa na wanawake karibu na moto. Nikawa natazama tu wanaume wakigawa nyama, kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama.

Na hapo Placide akapewa kidari.

Kidari cha mbuzi, ile nyama ya kifua, ni fungu la mkubwa wa ukoo, hilo linajulikana. Lakini kuna mbuzi mmoja ambaye kidari chake kina maneno. Mwanamke aliyeolewa akifa, watu wa mumewe huwapelekea watu wa kwao mbuzi wa kilio. Kama watu wa kwao wanaona binti yao aliuawa, kwa uchawi au kwa kipigo, hawamgusi mbuzi huyo. Humwacha amefungwa uani, wanaanzisha kesi. Lakini mkubwa wao akikaa akala kidari mbele ya macho ya watu, amekwisha kusema bila kufungua mdomo: marehemu ni wetu, hakuna aliyemuua, ugonjwa alikwenda nao kutoka kwetu. Baada ya hapo hakuna kesi mpaka mwisho wa dunia. Watu husahau harusi, husahau ubatizo, lakini nani alikula kidari cha kilio cha nani hawasahau, na wanaume wa ukoo ule hujigamba kwa vidari walivyokula kuliko kwa watoto waliowazaa.

Upande wa pili wa moto alikuwa amekaa Bulaimu, binamu yake Placide, mchimba dhahabu wa Lusangi. Bulaimu amedai ukubwa wa ukoo tangu meno yake ya kwanza. Hana haki nao, ila ana ndevu nzuri. Nikamwangalia Bulaimu, nikamwangalia Placide anatafuna, nikaona njia.

"Bulaimu," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "kule Lusangi watu wanasema kifua ya mbuzi ya Louise ulikula wewe. Na ya Nadine pia. Ni kweli?"

Ulikuwa uongo mtupu. Bulaimu siku hizo alikuwa amekimbilia Kindu kwa madeni yake. Lakini ningeweka roho yangu rehani kwamba hatakataa, na hakukataa. Alipapasa ndevu. Akatazama mbali, kama mtu mwenye mengi ambayo adabu inamzuia kuyasema.

Placide alisimama na nyama mkononi.

"Nani? Huyu? Huyu alikula nini?"

"Mimi sijasema kitu," akasema Bulaimu, kwa unyenyekevu uliokuwa matusi.

"Ni watu tu wanasema," nikaongeza. "Wanasema mwenye alikula ndiye mukubwa. Mimi mugeni wa ukoo, sijui."

Nilimwita dokta kwa mkono. Alikuwa chini ya paa la mabati na sanduku lake la chupa, akauachia mkono wa msichana fulani aliyekuwa akimfunga mpira, akaja na tableti. Sidhani kama alijua anaitiwa nini.

"Mimi!" Placide alipaza sauti mpaka watoto wakaacha kukimbia. "Mimi ndiye nilikula kifua ya mbuzi ya Louise! Mbele ya watu wote! Na ya Nadine ni mimi! Na ya shangazi Albertine, baba alikuwa mugonjwa, nilikula mimi kijana mudogo, waulizeni wazee! Mukubwa hapa ni nani?"

Akainua ngumi ajipige kifua, kama wanaume wafanyavyo wanapojisifu. Ngumi ikaishia njiani. Ikakaa hewani kidogo, ikashuka polepole ubavuni. Nilidhani ameona mtego. Nilimwona mjinga hata kwa hilo, kwa kuwa alikuwa ameuona baada ya kuingia na miguu yote miwili.

Yaliyoandikwa kwenye tableti nilikwisha kuyasimulia pale motoni, na Bulaimu hakuhitaji kusukumwa. "Kumbe ulikula," akasema taratibu. "Muzuri. Sasa nielezeni, nyinyi watu wa akili. Dokta ameandikiwa Louise alilogwa na muke mwenzake. Kama alilogwa, ulikula namna gani? Ulikaa ukala nyama juu ya damu ya dada yako?"

Wanawake waliokuwa jikoni walikuja. Wazee waliacha kutafuna. Dokta Christophe aliuliza kwa nini watu wanagombana kwa sababu ya mbuzi, na mzee mmoja akamweleza kwa maneno machache. Kijana akasimama pale mdomo wazi, anatazama kioo chake, kisha anamtazama Placide. Nilimwona anahesabu, na safari hii nadhani alikuwa anahesabu wakubwa wote wa koo aliowasikiliza tangu aje.

"Papa Placide," akasema, "nyinyi mulikula? Kweli?"

Placide alikuwa na milango miwili. Angesema dada zake walilogwa, na awe mtu aliyejaza tumbo kwa mbuzi wa wauaji, mtu wa kutemewa mate hadi kwa wajukuu. Ama angesema ukweli. Mbele ya Bulaimu hakuwa na mlango wa tatu. Jasho lilimtoka kwenye sufu mpaka nikaliona giza la maji mgongoni.

"Walikufa na ziwa," akasema. "Wote watatu. Kila mutu hapa anajua."

"Dokta, andika," nikasema.

Akaandika. Nilisimama nyuma ya bega lake nikaona kidole chake kikigusa kiduara cha Albertine, kikawa cheusi, kisha cha Louise, kisha cha Nadine. Nilikuwa nimengojea kufurahi, lakini nililia, kwa sababu lile doa dogo jeusi lilikuwa heshima ya kwanza ambayo Nadine alipewa tangu nilipomfunga sanda. Laura alinishika kiuno. Dokta akasema ukoo umetoka kwenye zile za kulinganisha, umeingia kwenye zile za hatari, na wanawake wote wa damu ile watapelekwa, Laura wa kwanza, Heri naye. Akasema pia kwamba atarudi kwa wale wakubwa wengine, na kwamba angependa kuniuliza mambo mawili matatu kuhusu mbuzi. Nilimwambia mimi si wa ukoo, akamuulize mkubwa wa ukoo, kama masharti yake yanavyotaka.

Na posa ya Heri? Placide aliiombolezea kabla haijafa. Mama Kavira alipopata habari alikuwa kwenye mzani wake, akasema bila kuinua macho kwamba habari hiyo aliipata zamani, kabla hajatuma mtu. "Mimi sinunui kitu bila kupima," akasema. "Musichana mwenye anaenda kupimwa, ndiye huyo muzuri." Yaani ule uongo wote ulikuwa wa bure, ungemzika binti yangu bure, na mwanamke aliyekuwa akifichwa ndiye alikuwa wa kwanza kujua.

Siku ya safari wanawake walikusanyika Kasongo, barazani pa ukumbi wa parokia, wakingoja gari la kuwapeleka uwanja wa ndege. Walikaa kwenye benchi moja refu, Laura mwishoni, Heri karibu naye, na wengine wa koo nyingine ambazo dokta alikwenda kuziuliza upya. Jenereta ilikuwa inanguruma ukutani. Nilikuwa nafunga kikapu cha Laura nilipomwona Placide anateremka kwenye pikipiki, mwekundu wa vumbi hadi nyusi, koti limefungwa vifungo vyote.

Nikajua amekuja kumtoa Heri. Nikasimama njiani.

"Hapiti mutu," nikamwambia.

"Mama Laura. Kuja pembeni kidogo. Nakuomba."

Sijawahi kusikia neno lile kinywani mwake. Nikamfuata nyuma ya ukumbi, mkono wangu tayari. Akatazama kulia na kushoto, kama kawaida yake, akafungua vifungo vya koti, kisha vya shati, na harufu ikanifikia kabla ya macho. Harufu ile ningeitambua gizani. Kifuani, upande wa kushoto, alikuwa ameweka kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimenata. Alikivuta pembe moja. Chuchu ilikuwa imezama ndani, na pembeni yake ngozi imepasuka.

"Tangu lini?"

"Mbele ya mavuno ya mupunga. Ile ya mwaka jana."

Mtu angetegemea nimwonee huruma. Nilijaribu, sikuipata. Nilichokiona ni hiki: alikuwa anajua. Alipomwambia dokta homa ya matumbo, kitambaa kilikuwa kifuani. Aliponiinua mchangani na kuniambia ni mambo ya wanawake, tena ya kwetu, kitambaa kilikuwa kifuani. Alikuwa tayari Laura afe, na Heri mtoto wake wa kumzaa afe, na yeye mwenyewe aoze ndani ya sufu, mradi tu watu wasiseme kwamba Placide ana ugonjwa wa ziwa. Sijui kama duniani kuna kitu kidogo kuliko hicho. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu alikuwa amepania kuumbuliwa pamoja na ukoo mzima.

"Mwambie dokta polepole," akanong'ona. "Mwambie ni jipu. Unajua kusema naye."

"Mimi?" nikasema. "Mimi kwa damu siko mutu wenu, shemeki. Habari ya familia anatoa mukubwa wa ukoo."

Nikarudi barazani. Akabaki kule nyuma kwa muda. Kisha nikamwona anakuja, anafunga vifungo huku vidole vinamkataa, akapita mbele ya benchi zima, akasimama mbele ya meza ya dokta. Alisema kitu. Jenereta ikakimeza.

"Sema nguvu, papa," dokta akamwambia, kiganja sikioni. "Sisikii."

Placide akasema tena, na tena dokta akatikisa kichwa.

"Ziwa!" Ilitoka kama kikohozi, na wanawake wote wakageuka. "Niko na ugonjwa ya ziwa. Mimi. Mimi mwenyewe Placide."

Dokta Christophe alitafuta kwenye tableti yake kwa muda mrefu. Katika koo zote alizoandika alikuwa hajawahi kupaka mraba hata mmoja. Alipoupata wa Placide akaugusa, ukawa mweusi, na macho yake, Mungu anisamehe, yaling'aa kama ya mtu aliyeokota kitu. Akasema kesi kama hii ni nadra, ni ya muhimu sana kwa utafiti, papa apande na wengine leo hii.

Heri alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Hakuna mwanamke aliyecheka, ingawa nilikuwa nimewatengenezea nafasi ya kucheka. Placide alisimama katikati ya baraza na koti lake, hajui aende wapi, kwa kuwa pa kukaa palikuwa pale kwenye benchi tu, na palikuwa pamejaa wanawake.

Laura akasogea. Alikipakata kikapu chake magotini, akamsukuma Heri kidogo kwa nyonga, akapiga ubao kwa kiganja.

"Baba mukubwa, kuja ikaa."

Akaenda, akakaa. Mimi nisingesogea.